Miezi Kumi ya Dawa na Usajili Mmoja wa Jeshi

Kama unasoma haya ukiwa kwenye benchi la kliniki ya kifua, sogea kidogo nikae. Benchi hilo nalijua. Nimelikalia miezi kumi, na ningelikalia sita tu kama ningekuwa na akili. Hiyo minne iliyoenda bure ndiyo imenifanya nichukue kalamu, maana najua kuna mwenzangu mahali anapanga kufanya nilichofanya mimi.

Jina langu Idi. Nakaa Makongeni, Thika, na mama yangu, dada yangu Zuhura na mtoto wake anayenyonya. Kidato cha nne nilimaliza na alama za chini kabisa ambazo jeshi linakubali. Kazi yangu ni kuchomelea vyuma kwenye gereji moja kule Ruiru. Pale gerejini hawaniiti Idi, wananiita Jenerali, kwa sababu tangu utotoni mdomo wangu haujui hadithi nyingine ila vifaru na ndege za kivita. Helikopta ikipita, mimi huwaambia ni ya jeshi au ya polisi kabla hawajainua kichwa. Wiki za kujiandaa kwa sherehe za kitaifa, ndege za kivita zikianza kupita mbilimbili, naacha kazi nasimama nje na kofia ya kuchomelea mkononi, natabasamu peke yangu.

Lakini sikutaka kumpiga mtu risasi. Mimi hata kuku wa sikukuu akichinjwa huwa naenda nyuma ya nyumba. Nilitaka kutengeneza. Nilikuwa nimeona kwenye simu vile vita vya siku hizi vimebadilika: droni ndogo kama sinia inabeba bomu, inashuka juu ya mgongo wa kifaru, pale ambapo chuma ni chembamba. Sasa wanajeshi wanachomelea vizimba vya nondo na wavu juu ya vifaru vyao, unaweza kufikiri ni banda la kuku. Nikaangalia zile kazi zao nikacheka hadi machozi. Viungo vimekaa vibaya! Nikasema, hawa watu wananihitaji.

Nilikuwa na miaka ishirini na tano. Nilikuwa nimejaribu usajili mara mbili nikakosa, mara moja kwa sababu ya kimo cha watu wengine, mara moja kwa sababu tulikuwa wengi tu. Nilikuwa nimebakisha usajili mmoja kabla umri haujanifungia mlango. Kumbuka hilo, kwa sababu ujinga wangu wote umetoka hapo.

Kikohozi kilianza mvua ndefu zikiisha. Nikasema ni moshi wa kazi. Jasho la usiku nikasema ni blanketi. Suruali ilipoanza kuteremka nikatoboa mshipi tundu jipya kwa msumari, kisha lingine, kisha lingine. Mama ndiye aliyeona damu kwenye leso. Alivaa buibui lake, akasimama mlangoni, akanisubiri nitafute viatu.

Kliniki ilikuwa imejaa, madirisha wazi, baridi ya Juni inaingia hadi kwenye mifupa. Hayo madirisha hawafungi, zoea. Beba sweta. Beba pia kitu cha kufanya na mikono, kwa sababu utangoja makohozi yapimwe, utangoja picha ya kifua, halafu utangoja mtu wa kukuambia vimesema nini. Mimi nilikuwa na kalamu na bahasha kubwa ya picha. Nikaanza kuchora kifaru.

"Huo mnyororo ukiufunga hivyo, utatoka kona ya kwanza," mtu akasema kando yangu.

Alikuwa mzee mwembamba, koti la mvua, sikio moja amelielekeza kwangu kama mtu asiyesikia vizuri. Nikamuuliza anajuaje.

"Nimeendesha hiyo kitu miaka kumi na saba, kijana. Hili sikio lingine lilibaki huko."

Ndivyo nilivyokutana na Afande Mbugua. Alistaafu akiwa sajini, na alikuwa anakaa Ruiru. Alikuja kutibiwa Thika ili watu wa kanisa lake wasimwone. Mimi natoka Thika kwenda kufanya kazi Ruiru, yeye anatoka Ruiru kuja kuugulia Thika. Tulicheka, tukakohoa, muuguzi akatutenganisha.

Sista Wairimu ndiye aliyeniambia. TB. Inatibika. Miezi sita, kila siku, bila kuruka hata moja. "Na usishtuke ukienda choo," akasema. "Hii dawa inageuza mkojo, unakuwa mwekundu wa chungwa. Si damu. Ni dawa inafanya kazi."

Vidonge vilikuwa vinne, vikubwa, rangi ya matofali. Wiki za kwanza nilivitapika viwili, nikanywa vingine. Magoti yaliuma kama ya bibi kizee. Mama alinitengea kikombe na sahani, akavifunga uzi mwekundu, halafu akaingia jikoni akalia akifikiri sisikii. Zuhura alihamishia godoro lake jikoni na mtoto. Mtoto alipimwa, akaonekana mzima, akapewa dawa ya kumkinga. Kila asubuhi nilimsikia akilia akinyweshwa dawa kwa ajili ya kifua changu.

Julai ndiyo ilikuwa mbaya. Ndege za jeshi zilipita asubuhi moja, zikiwa mbili, chini kabisa, mabati yakatetemeka. Nilijaribu kuinuka nikazione. Nilifika kwenye ukingo wa kitanda, nikavaa viatu, nikashika ukuta. Zikaenda. Nikalala tena na viatu miguuni, kwa sababu sikuwa na nguvu za kuvivua.

Kilichonisaidia ni Jumanne. Jumanne ilikuwa siku ya kuchukua dawa, na Afande angekuwa kwenye benchi. Nilikuwa na maswali, naye alikuwa na muda.

"Ndani ya kifaru kuna nini cha maana zaidi? Mzinga?"

"Chupa ya kukojolea."

"Afande, mimi niko serious!"

"Hata mimi. Umekaa humo saa tisa nzima, joto la kuoka mkate, huwezi kufungua mlango. Hujawahi kuonyeshwa hiyo kwa simu, eh?" Akacheka hadi akashika mbavu. "Vita ni dizeli, kijana. Hicho chuma kinakunywa kuliko walevi wa mtaa mzima. Nyuma yake kuna lori la mafuta, nyuma ya hilo kuna la maji, la vipuri, la mpishi. Ukilipiga la mafuta, umemaliza vita. Hakuna anayetaka kuwa dereva wa lori la mafuta. Wote mnataka kifaru."

Nikamwonyesha video moja kwenye simu, droni ikishukia kifaru kwenye shamba la nchi fulani ya mbali. Niliipenda kwa sababu picha ilikuwa safi sana. Moto, moshi, kifuniko kikaruka. Nikamwambia, "Umeona vile kizimba chao kimeshindwa? Hiyo pembe ya nyuma haikuchomelewa vizuri."

Afande aliitazama hadi mwisho. Akanirudishia simu.

"Walikuwa wanne humo," akasema.

Sikuwa nimewahi kuwahesabu. Nimetazama video hizo miaka, najua unene wa chuma, najua urefu wa mzinga, na sikuwa nimewahi kuhesabu watu. Siku hiyo nilienda nyumbani nikizifuta moja baada ya nyingine.

Kufikia Septemba nilikuwa mtu tena. Uzito umerudi, mshipi umerudi tundu la zamani. Makohozi yamekuwa safi. Nilirudi gerejini, wakanipigia saluti na spana. Jioni nilianza kukimbia kidogo kidogo hadi kwenye mzunguko na kurudi. Halafu redio ikatangaza usajili wa makurutu, uwanja wa michezo wa Thika, mwisho wa Oktoba.

Siku hiyo ikifika ningekuwa bado nimebakisha dawa za mwezi mmoja na nusu. Ningeweza kumuuliza Sista. Ningeweza kumuuliza Afande, mtu aliyeishi jeshini nusu ya maisha yake! Badala yake nilimuuliza nani? Vijana wa mtaa tuliokimbia nao jioni.

"Huko wanakupea kikombe unakojoa mbele yao," mmoja akasema. "Wakiona rangi haieleweki, unatoka. Hawataki kujua ni nini."

"Wallahi?"

"Cousin yangu alitolewa hivyo."

Nilienda choo nikatazama. Mkojo ulikuwa mwekundu wa chungwa, unang'aa, kama Sista alivyosema. Nikajiuliza nitawaambia nini. Nikajiambia: nimepona, nakimbia, sikohoi. Wiki nne tu mwili usafike, nikishapita nitarudi kumalizia.

Mama ndiye aliyesimamia dawa zangu, kila asubuhi baada ya swala. Nilikuwa naziweka chini ya ulimi, nakunywa maji, namwonyesha mdomo wazi. Nikitoka nje nazitemea kwenye karatasi. Nikifika Ruiru nazitumbukiza kwenye mkebe mkuukuu wa rangi, nyuma ya gereji. Vidonge vya wiki nne. Mkojo ulipogeuka wa kawaida, nilifurahi kama mtu aliyepata barua ya kuitwa jeshini.

Siku yenyewe nilifika uwanjani kabla ya jua, vyeti kwenye bahasha, kaptula, fulana nyeupe aliyoipiga pasi Mama. Tulikuwa mamia. Wakatupanga, wakatazama meno, wakatazama nyayo, wakatuambia tukunje vidole vya mkono kimoja kimoja kama tunabonyeza kifyatulio cha bunduki. Nikapita. Nikapimwa kimo. Nikapita. Nilikuwa nangoja hicho kikombe, nimekunywa maji mengi, niko tayari.

Wakasema mbio.

Mzunguko wa kwanza ulikuwa mtamu. Wa tatu, kifua kikaanza kukwaruza. Wa tano nilikohoa mara moja, nikakimbia, nikakohoa tena, nikajifuta na fulana, nikakimbia. Aliyekuwa nyuma yangu akaniambia, "Bro, simama. Simama bro, uko na damu." Sikusimama. Miguu ndiyo iliyosimama.

Askari mmoja wa kike alinitoa njiani, akanikalisha chini, akanipa chupa yake ya maji. Akaniuliza kama nina TB. Nikamwambia nilikuwa kwenye dawa.

"Ulikuwa?"

"Niliacha kidogo. Nilifikiri mtapima mkojo."

Akanitazama. "Hapa uwanjani? Tunapima mkojo na nini? Na hata tungepima, daktari angejua hiyo ni dawa. Rudi ukamalize, uje mwaka ujao."

Nikampa kitambulisho. Akasoma tarehe, akahesabu kwa midomo. Akanirudishia kwa mikono miwili.

"Pole sana, kijana," akasema. "Hiyo chupa kaa nayo."

Nilitembea kutoka uwanjani hadi Makongeni. Jakaranda zilikuwa zimechanua barabara nzima, zambarau tupu. Nilichofikiria njia nzima ni fulana ya Mama.

Nyumbani niliwaambia yote, hadi mkebe wa rangi. Mama alikuwa anajiuliza, nadhani, ni asubuhi ngapi alitazama mdomo wangu akashukuru Mungu. Zuhura ndiye aliyesimama, mtoto mgongoni.

"Wewe ulikuja hapa ukatuambia ati kwa kifaru cha watu huwa na watu wanne ndani. Ukatuambia na machozi. Idi, ndani ya hii nyumba umehesabu wangapi?"

Kesho yake asubuhi nilirudi kliniki.

Sista Wairimu hakunigombeza. Ingekuwa afadhali. Alichukua kadi mpya, akaandika jina langu, akaandika siku ya kwanza.

"Na ile miezi minne?" nikauliza.

"Hiyo tuizike, Idi. Tuombe tu wadudu wako wasiwe wameizoea dawa. Wakiwa wameizoea, ni dawa zingine, ni muda mrefu zaidi, na ni ngumu."

Makohozi yalipelekwa kupimwa. Tulipimwa wote nyumbani upya, Mama, Zuhura na mtoto. Kuhusu siku za kungoja majibu hayo siandiki mengi. Mvua fupi zilikuwa zimeanza. Nilikaa chumbani peke yangu, dirisha wazi, mvua inanilowanishia godoro, nasikiliza mtoto upande wa pili. Akikohoa mara moja tu, kama watoto wanavyokohoa maziwa yakiwapalia, nashika shuka kwa meno.

Walikuwa wazima wote watatu. Wadudu wangu walikuwa wa kawaida. Sista aliniambia yote mawili kwa sentensi moja, haraka, kwa sababu foleni ilikuwa ndefu, na mimi nikaenda nyuma ya choo cha wanaume nikasujudu kwenye matope.

Afande hakunisemesha wiki tatu. Alikaa mwisho wa benchi, akanigeuzia sikio lisilosikia. Wiki ya nne nilimpelekea chai kwenye kikombe cha karatasi, nikaiweka kando yake, nikarudi mahali pangu. Akaitazama hadi ikapoa. Akainywa.

"Unajua nini kinaua kifaru?" akasema, bado hajanitazama. "Vumbi. Kuna kichujio cha hewa, lazima ukisafishe kila siku. Tulikuwa mazoezini huko kaskazini, jangwa. Siku moja nikaona kimekaa sawa, nikalala. Kesho yake injini ikafa katikati ya njia nyembamba. Vifaru kumi na kimoja nyuma yangu. Kwa jua. Saa sita nzima, Idi, watu wananitazama tu."

"Walikufanya nini?"

"Nilipewa brashi. Nikasafisha vyote kumi na viwili." Akakunja kikombe. "Sikuambii ndio ujifunze kitu. Nakuambia kwa sababu hata bibi yangu sijawahi kumwambia."

Yeye alimaliza dawa Desemba. Siku ya mwisho alinipa mkono mbele ya watu wote, akasema, "Sitaki kukuona hapa tena, kuruti," na akaenda zake bila kugeuka. Benchi likawa refu sana.

Hii miezi sita ya mara ya pili ndiyo nataka ujue. Ya kwanza unaugua. Ya pili unachoka. Hakuna anayekuuliza unaendeleaje, wameshauliza. Gerejini walimpa mtu mwingine meza yangu, wakaniachia kazi ya kusugua kutu nje. Sikuwalaumu, na hakuna aliyeniita Jenerali tena, na hilo pia sikuwalaumu. Zuhura alichukua usimamizi wa dawa kutoka kwa Mama. Kila asubuhi alisimama mbele yangu, mtoto kiunoni.

"Fungua. Inua ulimi. Geuza. Upande huu. Sasa ongea."

"Niseme nini?"

"Sema Zuhura ni mrembo."

"Zuhura ni mrembo."

"Umemeza. Toka."

Mwezi wa Ramadhani ulinikuta katikati. Nilitaka kufunga. Nilikuwa nimechoka kuwa mtu wa uzi mwekundu, nilitaka angalau njaa tuione pamoja. Mama alikataa. Alisema aliyeniumba ndiye aliyetoa ruhusa kwa mgonjwa, mimi ni nani wa kujifanya mkali kumpita. Saa nne asubuhi alinikorogea uji, akafunga mlango ili majirani wasinione, akaketi mbele yangu. Yeye amefunga, midomo imekauka, ananitazama nikila. Siku moja akasema, "Wewe kula tu, baba. Mimi nashiba nikiona." Na huo uzi mwekundu, asubuhi moja ya mwisho wa Ramadhani, niliona umekatwa. Hakuna aliyeeleza. Kikombe changu kilikuwa kwenye sinia na vingine.

Nilimaliza mvua ndefu zikiwa kamili. Sista Wairimu alipiga muhuri kadi, akaniambia picha ya kifua itabaki na kovu maisha yote, juu kidogo upande wa kulia, nisishtuke nikiiona. Nikamuuliza kama naweza kukimbia. Akasema, "Anza kwa kutembea, wewe."

Nikaanza kwa kutembea. Nilitembea Juni yote. Julai nilitembea nikichanganya na kukimbia, na ndege zilipopita nilisimama nikazitazama hadi zikaisha. Bado nazipenda. Nilifikiri ningezichukia, lakini moyo haukubali, bado zinanifanya nitabasamu peke yangu. Ila sasa huwa naangalia mbele, pale kwenye kioo anapokaa rubani.

Oktoba redio ikatangaza usajili tena. Asubuhi zikajaa vijana wanaokimbia, makundi makundi, wakitoka Makongeni kuelekea barabara kuu. Siku tatu niliwasikia nikiwa kitandani. Siku ya nne nikavaa viatu, nikatoka, nikajiunga nao nyuma.

Hawakukimbia polepole. Nilibaki wa mwisho, kisha nikampita mmoja, kisha nikabaki tena. Kwenye kilima kifua kikawaka, nikangoja kile kikwaruzo. Nikangoja hadi juu. Kijana mmoja, labda miaka kumi na tisa, akapunguza mwendo akawa sambamba nami.

"Buda, hata wewe unaingia jeshi mwaka huu?"

"Zii. Umri umepita."

"Sasa unakimbilia nini?"

"Nilikuwa naangalia kama kinashika."

"Nini?"

Nikamwonyesha kifua. Hakuelewa, na hakuwa na muda wa kuelewa. Wenzake walikuwa wanamwita. Akaongeza mwendo akaenda. Nilisimama kando ya barabara, nikashika magoti, nikaangalia chini kwenye vumbi kati ya viatu vyangu. Hapakuwa na kitu. Nilikuwa nahema tu, kama mtu yeyote aliyetoka kukimbia.